UZI: Mtoto ana -1.31 kwenye kadi ya kliniki. Tujifunze kusoma eneo chini ya mkunjo

KipimoSahihi

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa mitihani ya vyuo vya afya ukifika, maswali ya alama z yanajirudia humu, na majibu yake ni yale yale: toa wastani, gawanya kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani), kwisha habari. Mtu anaondoka na -1.31 mkononi na hajui aifanyie nini. Nafundisha takwimu kwa wanafunzi wa lishe, kwa hiyo nitatumia mfano wa huko huko: urefu wa mtoto kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, ile michoro yenye mstari wa 0, wa -2 na wa -3.

Tuchukue mtoto wa kiume aliyetimiza miezi 24. Amelazwa kwenye ubao wa kupimia, ametoka na sentimita 83.8. Kwa viwango hivyo, mvulana wa katikati wa umri huo ana sm 87.8, na mkengeuko sanifu ni kama sm 3.05.

z = (83.8 - 87.8) ÷ 3.05 = -4 ÷ 3.05 = -1.31

Wengi huweka kalamu chini hapa. Lakini z ni umbali tu. Inasema mtoto yuko hatua 1.31 chini ya katikati, na kila hatua ina ukubwa wa mkengeuko mmoja. Mama aliyekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni hana habari na hatua. Anachotaka kujua ni hiki: katika watoto mia wa rika lake waliokua vizuri, wafupi kuliko wangu ni wangapi?

Jibu la swali hilo ni eneo. Chora kengele yako, yaani ule mkunjo wa mgawanyo wa kawaida, wenye nundu katikati na mikia pembeni. Eneo lote chini ya mkunjo ni 1, maana yake watoto wote wamo. Piga mstari wima kwenye -1.31 kisha weka kivuli upande wa kushoto. Kivuli hicho ndicho sehemu ya watoto walio wafupi kuliko huyu. Jedwali la z, mstari wa -1.3, safu ya .01, linakupa 0.0951. Katika mia ni watoto tisa hadi kumi.

Kwa hiyo mtoto ni mfupi, lakini hajadumaa kwa maana ya kitaalamu, kwa sababu mstari wa udumavu uko -2. Kushoto ya -2 kuna eneo la 0.0228, na kushoto ya -3 kuna 0.0013 hivi, yaani mtoto mmoja na ushee katika elfu.

Kama jedwali lako lina z chanya peke yake, tumia ulinganifu wa kengele. Tafuta 1.31, utapata 0.9049. Toa kwenye 1, unabaki na 0.0951 ile ile.

Ulizeni, nipo.

---

FomSixMkali

Mwalimu shikamoo. Jedwali letu la shule kwenye 1.31 linasema 0.4049, halisemi 0.9049. Kikokotoo nacho kina P, Q na R, kila kimoja kinatoa jibu lake. Nani mkweli hapo?

---

KipimoSahihi

Marahaba kijana. Wote wakweli, ila kila mmoja anapima kipande chake.

Jedwali la shule yenu linapima kuanzia katikati, yaani 0, hadi kwenye z. Nusu ya kushoto, 0.5, haimo. Ongeza 0.5 kwenye 0.4049 unapata 0.9049. Kuna majedwali mengine yanayopima mkia wa kulia tu, na hayo kwenye 1.31 yatakuandikia 0.0951. Karibu kila jedwali lina kengele ndogo iliyotiwa kivuli juu ya ukurasa. Tazama kivuli kwanza, namba baadaye. Mwanafunzi anayeruka kale kamchoro ndiye anayelalamika kwamba mtihani ulikuwa na makosa.

Kwenye kikokotoo cha Casio fx-991MS ukiwa umeingia SD (hali ya takwimu), bonyeza SHIFT kisha 3. P ni kila kilicho kushoto ya z, Q ni kuanzia 0 hadi z, R ni kila kilicho kulia. Jaribu P(-1.31), Q(1.31) na R(1.31). Utapata 0.0951, 0.4049 na 0.0951. Ukielewa kwa nini ya kwanza na ya tatu zimefanana, umeshaelewa nusu ya mada.

---

mtu_wa_pwani

Kwani lazima jedwali? Mbona eneo la duara lina kanuni yake, hili la kengele halina?

---

KipimoSahihi

Halina, na si kwa uvivu wa wanahisabati. Umbo la kengele linatokana na e kupandishwa kwa -z²/2, na intigrali yake, yaani hesabu ya eneo lililo chini yake, haiandikiki kwa kanuni za kawaida tulizonazo. Abraham de Moivre, Mfaransa aliyekimbilia London, aliufikia mkunjo huu mwaka 1733 akitafuta njia ya mkato ya hesabu za kurusha sarafu mara nyingi. Jedwali la kwanza la maeneo yake lilichapishwa mwaka 1799 na Christian Kramp, ambaye wala hakuwa na habari na watoto wala mitihani; alikuwa anashughulika na kupinda kwa mwanga wa nyota unapopita angani. Tangu hapo kila mtu anakadiria, iwe kwa jedwali au kwa kompyuta. Hata kikokotoo chako kinakadiria, ila kwa desimali nyingi.

---

NesiWaZamu

Mwalimu, somo zuri ila ngoja niongeze la kazini. Umesema mtoto amelazwa. Je, kama alipimwa amesimama? Miezi 24 ndipo tunapohamia kwenye kusimama, na hapo ndipo fujo inapoanza. Utamkuta mmoja kamlaza, mwenzake kamsimamisha, na kwenye kadi wote wameandika "urefu".

---

KipimoSahihi

Dada nesi, umegusa penyewe. Mtoto akisimama hupungua kidogo, na viwango vimehesabu tofauti hiyo kuwa sm 0.7. Kwa hiyo mvulana wa katikati wa miezi 24 aliyesimama ana sm 87.1.

Tuseme zile 83.8 zilipatikana amesimama. z inakuwa (83.8 - 87.1) ÷ 3.05 = -1.08, na eneo la kushoto ni 0.1401. Tumetoka kwenye watoto tisa na nusu tukaenda kumi na wanne katika mia, na mtoto ni yule yule, namba ni ile ile. Kilichobadilika ni mkao tu. Aliyeandika bila kusema kalala au kasimama ametuachia kazi ya kubahatisha.

---

Mama Wawili

Samahani jamani, mimi siyo wa takwimu, nimeingia kwa sababu ya neno kliniki. Wangu wa pili aliambiwa yuko "kati ya -2 na -3". Hiyo ni watoto wangapi katika mia? Nijaribu: -2 mpaka -3 ni hatua moja, nikitafuta 1 kwenye jedwali ni 0.8413?

---

KipimoSahihi

Karibu mama. Hatua za z hazitolewi zenyewe kwa zenyewe kisha ukaenda kwenye jedwali. Kinachotolewa ni maeneo.

Chukua kengele kama mkate mrefu wenye tumbo katikati. Ukitaka kipande kati ya sehemu mbili unapiga kisu mara mbili. Kisu cha kwanza kwenye -2: kushoto yake kuna 0.0228. Kisu cha pili kwenye -3: kushoto yake kuna 0.0013. Kipande kilichobaki katikati ni 0.0228 - 0.0013, karibu 0.0214 ukienda na desimali zote. Watoto wawili katika mia.

Hatua ile ile moja ukiichukua kuanzia 0 hadi 1 inabeba 0.3413, watoto thelathini na wanne. Upana sawa, watu tofauti kabisa, kwa sababu katikati kengele ni ndefu na pembeni imelala. Ndiyo maana kutoa z na z hakufiki popote.

Kwa wanafunzi, fanyeni hili: eneo kati ya -1 na 0.5. Kushoto ya 0.5 kuna 0.6915, kushoto ya -1 kuna 0.1587. Tofauti ni 0.5328. Atakayejumlisha umbali akatafuta 1.5 atapata 0.9332, na kwa jibu hilo atakuwa ameingiza humo karibu kila mtoto wa kijiji.

Na mama, kwa huyo wako: kama walikuambia ni urefu kwa umri, hilo ni la kufuatilia mwezi hadi mwezi. Kama ni uzito kwa urefu, huo ni ukondefu, usisubiri mwezi ujao, rudi kituoni wamwangalie.

---

Mama Wawili

Ni urefu kwa umri. Asante sana mwalimu, Mungu akubariki.

---

Mzalendo Halisi

Mimi nina neno. Hivi viwango ni vya watoto wa Kizungu waliolelewa kwa maziwa na siagi. Kwetu babu mfupi, baba mfupi, mtoto naye mfupi, leo aje mtu na kengele yake aseme mtoto kadumaa? Kila kitu chetu tunapimiwa na rula ya wengine.

---

KipimoSahihi

Mkuu, malalamiko yako yangekuwa na nguvu sana kabla ya 2006. Michoro iliyotumika kimataifa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ilitokana na watoto wa Marekani, na ile ya watoto wachanga ilitoka jimbo la Ohio, wengi wao wakinyweshwa chupa. Hapo ningekuunga mkono mchana kweupe.

Viwango vya 2006 vilitengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Watoto walipimwa kati ya 1997 na 2003 katika nchi sita: Pelotas huko Brazili, Accra, Delhi, Oslo, Muscat, na Davis kule California. Jumla ni kama watoto 8,500. Mama asiyevuta sigara, mtoto aliyenyonya, familia isiyo na njaa. Swali lilikuwa mtoto hukua vipi akipewa nafasi, siyo mtoto wa taifa fulani ana urefu gani.

Na matokeo yake ndiyo ninayopenda kuyasimulia darasani. Tofauti kati ya nchi na nchi ilichangia kama asilimia 3 tu ya tofauti zote za urefu. Tofauti kati ya mtoto na mtoto ndani ya sehemu moja ilichangia kama asilimia 70. Mtoto wa Accra aliyeshiba na wa Oslo aliyeshiba walikuwa wanaufuata mstari mmoja.

---

Baharia wa Muscat

Nathibitisha la Muscat, tunaishi huku na wazee wetu wengi wametoka Unguja. Watu wa huku siyo warefu wa kutisha, na watoto wao wamo ndani ya hiyo kengele.

---

Mzalendo Halisi

Sawa, na babu yangu mfupi je?

---

KipimoSahihi

Babu yako ana haki yake, mkuu. Kwa mtoto mmoja hoja ya babu ina uzito. Kumbuka 0.0228: hata katika watoto waliokua vizuri kabisa, wawili katika mia watakuwa kushoto ya -2 bila ugonjwa wala njaa, wamerithi tu. Ndiyo maana namba ya siku moja haimhukumu mtoto, unatazama mstari wake umetambaa vipi kwa miezi.

Kwa nchi nzima hoja hiyo haisimami. Tungekuwa na mababu wafupi wa kawaida tungeona wawili katika mia. Utafiti wa kitaifa wa 2022 kwa Tanzania Bara na Zanzibar ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wako kushoto ya -2. Thelathini dhidi ya mbili.

Sasa tugeuze hesabu, maana hapa ndipo panapokolea. Mpaka sasa tumekuwa na z tukatafuta eneo. Safari hii tunalo eneo, 0.30, tunatafuta kengele ya nchi imekaa wapi. Ingia ndani ya jedwali kutafuta 0.30, siyo pembeni. Linaangukia z ya -0.52. Maana yake ni kwamba mstari wa -2 uko hatua 0.52 kushoto ya katikati ya watoto wetu. Kama kengele yetu ina upana ule ule wa mkengeuko 1, basi katikati yetu iko:

-2 + 0.52 = -1.48

Yaani mtoto wa katikati wa Tanzania amekaa karibu hatua moja na nusu chini ya mtoto wa katikati wa viwango. Tupige hesabu moja zaidi: watoto wangapi wetu wako chini ya 0? Eneo kushoto ya 1.48 ni 0.9306. Tisini na tatu katika mia, mahali ambapo tungetegemea hamsini.

---

FomSixMkali

Subiri mwalimu. Kwa hiyo wale 70 wanaohesabiwa wazima nao wamepungukiwa?

---

KipimoSahihi

Wengi wao, ndiyo. Redioni tunasikia "asilimia 30 wamedumaa" tukadhani kuna kundi la watoto wagonjwa pembeni na kundi kubwa lililo salama. Kengele haisemi hivyo. Kengele nzima imeteleza kwenda kushoto, na 30 ni wale waliovuka mstari tuliouchora sisi. Mtoto aliyeumbwa kuwa +1 akaishia -0.5 hatajwi popote, kadi yake ni safi, lakini naye kapoteza hatua moja na nusu.

Tahadhari moja ya kitaalamu. Nimedhani upana ni 1. Data za mitaani huwa pana zaidi kidogo, kwa sababu tarehe za kuzaliwa hukosewa na mtoto anayelia hapimiki vizuri. Ukiweka upana wa 1.2, katikati inakuwa -2 + (0.52 × 1.2), karibu -1.38, na walio chini ya 0 ni kama 87 katika mia. Namba imelegea kidogo, hadithi ni ile ile.

---

fundi_eksel

Wakuu mimi nimekwama kwingine. Mvulana wa mwaka mmoja, kilo 7.7. Wa katikati ni 9.65, mkengeuko nimepata 1.054. Napata -1.85, hayuko kwenye uzito pungufu. Programu ya Shirika la Afya inasema -2.05. Nimekagua fomula, iko sawa.

---

KipimoSahihi

Fomula yako iko sawa kwa kengele. Uzito siyo kengele.

Tazama namba za mvulana wa miezi 12: mstari wa -2 ni kilo 7.7 na ushee, katikati 9.6, mstari wa +2 ni 12.0. Kushuka hatua mbili ni kilo 1.9, kupanda hatua mbili ni 2.4. Mkia wa kulia ni mrefu, kwa sababu mtoto anaweza kunenepa sana lakini kukonda kuna mwisho wake. Urefu hauna tabia hiyo, ndiyo maana nilianza nao.

Kwa uzito wanaunyoosha mkunjo kwanza kwa namba tatu: L ya kurekebisha mwinamo, M ya katikati na S ya upana. Gawanya uzito wa mtoto kwa M, pandisha kwa kipeo L, toa 1, kisha gawanya kwa L mara S. Kwa umri huo L ni 0.0644, M ni 9.6479, S ni 0.10925. Weka 7.7 utaona -2.05 inatoka. Baada ya hapo jedwali la z linatumika kama kawaida: eneo 0.0202. Kwa njia yako ungesema 0.0322 na mtoto angerudishwa nyumbani bila kuandikwa.

---

fundi_eksel

Imetoka -2.049. Duh. Karatasi nzima ya kata inabidi irudiwe.

---

NesiWaZamu

Bora uirudie wewe kuliko ipande wilayani hivyo hivyo, ndugu yangu.

---

jirani_wa_Nairobi

Mwalimu kwa Kenya, utafiti wa 2022 ulitoa asilimia 18. Nimetafuta 0.18 ndani ya jedwali nikapata -0.92, kwa hiyo katikati yetu ni -1.08. Ni sawa?

---

KipimoSahihi

Sawa kabisa, kwa upana wa 1. Na 2014 mlikuwa na asilimia 26. Tafuta 0.26, ni -0.64, katikati ilikuwa -1.36. Kengele yenu imepanda karibu robo na ushee ya hatua kwa miaka minane.

---

Tanganyika_Ng'ambo

Niko Bujumbura. Utafiti wa 2016-17 hapa ulitoa 56. Nikitafuta 0.56 jedwali linanipa namba chanya, 0.15. Nimedhani nimekosea upande.

---

KipimoSahihi

Hujakosea. Eneo likizidi 0.5, mstari wa -2 umeshavuka katikati ya watoto wenu ukaenda kulia kwake, kwa hiyo z yake ni chanya. Unafanya vile vile: -2 toa 0.15, katikati ni -2.15. Kwa hesabu hiyo mtoto wa katikati wa Burundi, siyo aliye mkiani, ndiye aliye chini ya mstari wa udumavu.